Mkao wa Fundi wa Plasta

Darasa la kuchora lilifanyika Jumanne na Ijumaa jioni katika ukumbi ulio nyuma ya maktaba, kati ya stoo ya viti vilivyovunjika na choo ambacho mlango wake haukufungika. Mwalimu alikuwa mzee aliyewahi kuandika mabango ya maduka. Wanafunzi walimwita Kifutio kwa sababu alikuwa amepiga marufuku vifutio. Mstari ukikosewa ulibaki hapohapo, mwingine ukachorwa juu yake, na mwenye makosa akajifunza kuyatazama.

Msusi alijiunga miezi michache baada ya kumzika baba yake. Hakuwa na sababu ya maana. Mteja wake mmoja, muuza dawa, alikuwa anasoma pale, akamwambia kwamba mikono inayosuka nywele kutwa haiwezi kushindwa na kipande cha mkaa. Ilishindwa. Kazi yenyewe ilikuwa kuchora watu kwa haraka: mmoja anasimama mbele, anakaa mkao fulani, na kabla hajaanza kutetemeka anabadilisha. Msusi alichora vifungo vya shati, kucha na kope. Muda ulikwisha hata mabega hajayafikia.

"Umechora nguo," Kifutio alimwambia. "Mwenye nguo yuko wapi?"

"Sikumuwahi, mwalimu."

"Basi anza na yeye. Nguo zitamfuata zenyewe."

Akamwonyesha namna ya kuteremsha mstari mmoja kutoka utosini hadi kisiginoni, kisha kutafuta uzito wa mtu umelalia wapi. Akamwambia atazame zaidi na achore kidogo, na kwamba mkono utazoea tu ukizoeshwa, kama ulivyozoea nywele. Msusi hakuwa mtu wa kukata tamaa haraka. Saluni, alichora wanawake waliosubiri zamu, nyuma ya karatasi za kalenda ya mwaka uliopita. Kituoni, alichora waliobeba mizigo. Kila Ijumaa alimletea mwalimu rundo zima, naye alilipitia karatasi moja moja akigonga kwa kidole.

"Huyu amekufa. Huyu amekufa. Huyu anapumua kidogo. Huyu... hebu subiri. Huyu amechelewa mahali."

Ni kweli, yule mtu alikuwa anakimbilia basi. Msusi alirudi nyumbani siku hiyo akitabasamu peke yake njiani.

Jumanne iliyofuata ilikuwa zamu ya muuza dawa kusimama mbele, lakini goti lake lilikuwa limevimba. Kifutio alikuwa bado anatafuta wa kujitolea pale baba yake msusi alipoingia. Alikuwa amevaa ovaroli aliyokufa nayo, plasta imemkaukia nyweleni. Alijifuta miguu mlangoni kwa sababu sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki.

"Shikamoo, baba," alisema msusi.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mmekosa mtu wa kusimama."

Kifutio alimtazama juu hadi chini. "Unaweza kutulia?"

"Siku hizi natulia sana."

Basi akapanda kwenye jukwaa dogo la mbao, darasa likaendelea.

Baba alikuwa fundi wa plasta. Alianguka kutoka ghorofa ya nne ya jengo lililokuwa linajengwa karibu na soko. Kampuni ilisema alikuwa anacheza ukingoni kuwachekesha wenzake, mguu ukateleza. Watu waliamini bila taabu, maana alikuwa mcheshi kweli, mtu wa kuiga mwendo wa kila bosi aliyepita. Wenzake hawakusema ndiyo wala hapana; walikuwa bado wana kazi palepale. Mama aliamini kuliko wote. Msibani alikaa amekunja uso, na walipompa pole alijibu kwamba mtu mzima aliyekufa kwa utani hana haja ya kuliliwa.

Wakati wa mapumziko msusi alimuuliza baba yake ilikuwaje.

"Sikumbuki, mwanangu. Kichwa ndicho kilichotangulia kufika. Lakini mwili unakumbuka. Nikiuachia tu, unarudi palepale."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila alipopanda jukwaani alifanya kwanza mikao aliyoombwa, akainama, akanyoosha mkono, akapiga goti. Kisha mwili ulijirudia wenyewe mkao wake mmoja, na hapo hakuhitaji kupumzishwa. Wanafunzi waliupenda kwa sababu haukutikisika hata kidogo.

Msusi alichora mtu anayeanguka. Mikono hewani, mdomo wazi, vidole vimetawanyika. Alichora karatasi baada ya karatasi, haraka, machozi yakimlenga, akaona kwamba kwa mara ya kwanza ameweza.

Kifutio alizitazama zote bila kugonga. "Huyu umemtoa wapi?"

"Si ndiye yule pale mbele?"

"Hapana. Huyu umekuja naye kutoka nyumbani. Unachora hofu. Mimi pale sioni hofu. Tazama mabega."

Msusi aliudhika, akafunga mkoba wake akaondoka bila kuaga. Ijumaa alirudi. Alitazama mabega, akaona yameshuka. Alichora hayo tu. Wiki iliyofuata aliipata shingo, imelala kidogo upande kama ya mtu anayesikiliza habari tamu. Miguu ilimsumbua. Kifutio alimwambia kila mara kwamba uzito hauko miguuni, aache kumsimamisha kwa nguvu, autafute ulikokwenda. "Umempa miguu ya askari," alisema. "Yule hana gwaride."

Jioni moja, mvua ikipiga kwenye mabati ya stoo, msusi aliacha kubishana na macho yake. Mkono ulishuka mara moja. Mguu mmoja ulikuwa umepita mbele ya mwenzake. Mikono ilikuwa imekutana tumboni, imezunguka kitu cha ukubwa wa kikombe. Kiuno kilikuwa kimerudi nyuma, na uzito wote wa mtu mzima ulikuwa umelalia hapo kiunoni, juu ya hewa tupu.

"Amepumzika," msusi alisema.

"Ameegemea," alisema Kifutio. "Sasa uzito umekaa."

Muuza dawa alikuja akichechemea kutazama. "Ameegemea nini?"

Baba aligeuza shingo akaangalia nyuma yake, kwanza kulia, kisha kushoto. "Kizuizi," alisema. "Pembeni pale palikuwa na kizuizi cha chuma. Jana yake kilikuwepo."

Msusi alikwenda na mchoro nyumbani, akamkuta mama anakunja nguo kitandani. Mama aliushika mbali na macho, kisha karibu.

"Hivi ndivyo alivyokuwa anaegemea mlango wa jikoni nikipika," alisema. "Miguu hivihivi. Nikimwambia aondoke njiani, hasikii."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo hakuwa anacheza."

"Alikuwa anakunywa chai."

Mama aliendelea kukunja shati alilolianza, akaliweka juu ya mengine, akalisawazisha kola. "Na mimi nimemzika nimemnunia," alisema.

Jumanne alikwenda darasani pamoja na binti yake, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Hakuchora. Walipopumzika, alimwendea mumewe, akalowesha pembe ya mtandio wake kwa mate, akajaribu kumtoa plasta nyweleni. Haikutoka. Baba alimwambia aache, imeshashika, naye akasema hata mtoto mdogo husimama akapanguswa. Akaendelea kusugua hadi Kifutio alipoita watu warudi.

Ofisi ya kampuni ilikuwa kwenye kontena lenye kiyoyozi, mbele ya jengo. Mhandisi alimpokea msusi vizuri, akampa kiti. Aliupeleka mchoro dirishani kwenye mwanga, akautazama kwa muda mrefu kuliko alivyotegemea msusi.

"Kazi nzuri," alisema. "Ni yeye kabisa. Anaendeleaje?"

"Anakuja darasani. Anataka kujua kizuizi kilikwenda wapi."

"Tulikihamishia upande wa mbele. Kulikuwa na wageni wanakuja kukagua, na vizuizi havikutosha pande zote."

"Mafundi waliambiwa?"

"Wangeambiwa wangegoma kupanda. Na kazi ilikuwa imechelewa." Aliyasema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya posta.

"Basi semeni kwamba hakuwa anacheza."

Mhandisi akaweka mchoro mezani, taratibu, asije akauchafua. "Dada yangu, hilo limeshasemwa, na watu wameshalizoea. Ukiligeuza leo utawachanganya bure, hata nyinyi wenyewe." Akauliza kama angeweza kuubakiza mchoro, wautundike mapokezi. Ukuta ule ulikuwa mtupu mno.

"Ni wa mama," msusi alisema, akauchukua.

Alipotoka alizunguka nyuma ya jengo. Mbele, vizuizi vilikuwa vimepakwa rangi ya njano, vinang'aa. Nyuma, ukingo wa ghorofa ya nne ulikuwa wazi. Mafundi walipita juu yake na ndoo. Mmoja alikuwa amekaa ananing'iniza miguu, anakula.

Msusi aliweka viganja mdomoni akapiga kelele. "Jamani! Huku nyuma hakuna kizuizi!"

Yule aliyekuwa anakula aliinama kumwona vizuri, akampungia mkono. "Tunajua, dada!"

Alikaa pale mpaka shingo ikamuuma, kisha akaenda kufungua saluni, kwa kuwa kulikuwa na bibi harusi anasubiri kusukwa.

Darasa liliendelea. Msusi alianza kuwachora watu wakitembea, jambo ambalo Kifutio hakuwa anawaruhusu wanafunzi wapya. Bado alikosolewa: vichwa vikubwa, viwiko vigumu. Mama alihamisha kiti chake kutoka mlangoni akakiweka karibu na jukwaa.

Ijumaa moja, kabla somo halijaanza, aliingia fundi bomba wa jengo lilelile, mtu mnene mwenye ovaroli iliyolowa upande mmoja. Saruji ya mikononi mwake ilikuwa bado mbichi. Aliwasalimia wote akauliza asimame wapi. Baba akasogea akampa nafasi jukwaani.

"Unaweza kutulia?" Kifutio alimuuliza.

"Sijui bado. Ni leo tu."

"Basi usijilazimishe. Uachie mwili."

Fundi bomba alipanda jukwaani. Halafu goti lake moja likashuka kwenye mbao, mgongo ukapinda mbele kama wa mtu aliyeinamia kazi yake, na mkono wa kulia ukarudi nyuma kutafuta kitu bila yeye kugeuka, kama afanyavyo mtu anayejua pa kushika. Karatasi ziligeuzwa. Mkaa ukaanza kukwaruza ukumbi mzima.

Msusi alianza na mgongo. Alitafuta uzito, akauona umeshapita goti, unafuata ule mkono. Kiganja kilikuwa kimefunguka, tayari kufumba. Aliuchora ulivyo, mtupu.