Kilicho cha Mama Mdogo

Desemba ilipofika, barabara za Moshi zilijaa magari ya watu waliotoka kila pembe ya nchi, wote wakipandisha mlimani kwao. Zita aliyatazama akiwa kwenye baraza ya chumba chake cha kupanga, Majengo. Kwao Kirua Vunjo hapakuwa mbali, ila tangu Pasaka baba yake, mzee Thadeus, alikuwa amempiga marufuku.

Kisa ni blogu. Zita aliandika habari za vijiji vya mlimani, na watu walimsoma sana. Siku moja akaandika jinsi Veronika, mjane wa baba yake mdogo, alivyoondolewa kwenye kihamba chake, shamba la migomba alimoishi na mumewe, kabla udongo wa kaburi haujakauka. Aliyemwondoa alikuwa Thadeus, kaka mkubwa wa marehemu. Zita hakulificha jina la baba yake.

"Futa," mzee alimwambia kwenye simu. "Usipofuta, usikanyage kwangu."

Hakufuta. Lakini hakujua kwamba kutamani nyumbani ni maradhi. Alitamani moshi wa kuni alfajiri, mtori wa mama yake, matone ya mvua juu ya migomba, hata sauti ya baba akimkaripia ng'ombe.

Krismasi ilipokaribia, mama yake, Elisifa, akampigia.

"Mwanangu, njoo na jani la isale umwombe baba yako msamaha. Nani amewahi kukataa isale? Na hayo maandishi uyafute, yaishe."

Zita alilia. Kisha akaomba jani kwenye ua wa jirani, akalifunga ndani ya kanga, akaondoka. Alipitia kwanza Himo, ambako Veronika alikuwa amepanga chumba akiuza ndizi. Tangu andiko lile litoke, Veronika hakuwa akipokea simu zake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba." Hakumsogezea kigoda.

"Nyumbani wanataka nifute. Nimeona nije kwako kwanza. Nifute?"

"Leo ndiyo unaniuliza?" Veronika aliendelea kupanga mikungu yake. "Habari ya kihamba ni kweli tupu. Hiyo iache, hata baba yako akasirike vipi. Lakini mume wangu kufa tukiwa tumenuniana, hilo nilikuambia wewe, tukimenya ndizi. Sikuuambia ulimwengu. Sasa nikipita, wananong'ona kwamba nilimuua kwa kisirani."

Zita aliikumbuka aya hiyo. Aliiweka akijua itawaliza wasomaji, na kweli iliwaliza; ndiyo waliyoisambaza kuliko habari yenyewe ya kihamba. Alijiona jasiri kumtaja baba yake, wala hakuona haja ya kumuuliza mwenye msiba.

Akatoa simu, akaifuta aya ile Veronika akiona. Chini ya andiko akaongeza kwamba ameondoa maneno ambayo hayakuwa yake kuyasema.

"Yaliyokwisha kusambaa siwezi kuyarudisha, mama mdogo."

"Najua."

Zita akafungua kanga, akapiga magoti, akamtolea jani kwa mikono miwili. Veronika aliweka mkungu chini, akalipokea.

"Kaa basi," alisema hatimaye. "Umekula?"

Jioni alipofika Kirua, Thadeus alikuwa amesimama langoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama yako amesema unaleta isale. Iko wapi?"

"Nimempa mama mdogo. Yeye ndiye niliyemkosea."

"Na mimi, mbele ya watu wote wale?"

"Wewe baba nilikusema kweli. Ningekuja kwanza tuzungumze, nakubali. Lakini ni kweli. Hakuna siku inayopita sijakuwaza."

Kutoka ndani kulisikika vicheko vya ndugu, na harufu ya nyama ikawafikia pale walipo. Mzee aligeuka kutazama ndani. Kisha akalifunga lango polepole, bila kulibamiza.

Zita alikuwa ameshafika barabarani Elisifa alipomfikia, anahema, amebeba koti zito la mzee.

"Amesema uvae. Huku kuna baridi."

"Amesema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na kuingia?"

Elisifa alitikisa kichwa. "Bado, mwanangu."

Zita akalivaa. Mikono ya koti ilimfunika vidole. Akamkumbatia mama yake, akaanza kuteremka, akiwapisha watu waliobeba mizigo ya sikukuu. Wote walikuwa wakipanda.