Samaki Waliosahau Kuogopa

Kazi ya binti mmoja ilikuwa kutisha samaki, na alilipwa mshahara kwa hilo. Alikuwa fundi wa maabara. Alikata kadibodi kwa umbo la ndege mla samaki, akaipitisha juu ya beseni, kisha akahesabu sekunde hadi samaki wajifiche chini ya jiwe. Waliovuliwa upande wa juu wa mto walitoka mbio mara tu kivuli kilipowagusa. Waliovuliwa chini, bomba la majitaka linapoingia, walipanda juu kuangalia kuna nini.

Mkuu wake alimweleza sababu. Watu mjini humeza vidonge vya kutuliza wasiwasi, dawa hutoka na mkojo, na mabwawa ya kusafishia maji hayaimalizi. Basi samaki nao walipata dozi bila kumwona daktari. Woga ukawatoka, ndege wakashiba.

Binti alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Mama yake alikuwa akimeza vidonge hivyohivyo, mwezi wa nne sasa. Yeye ndiye aliyempeleka hospitali, kwa kuwa mama alikuwa hapati usingizi. Na, tuseme ukweli, kwa kuwa binti mwenyewe alichoshwa na simu za mama. Umefika? Umekula? Mbona sauti yako hivyo? Simu sita kabla ya saa sita mchana, hadi wenzake kazini wakambandika jina la Bi Nimefika. Sasa mama alilala fofofo, na simu ilikuwa kimya. Binti angetoa chochote asumbuliwe tena.

Jioni alipita kwa mama, akamkuta akikunja nguo. Aliketi karibu naye, akaongopa.

"Mama, leo nimeteleza nikaanguka mtoni. Maji nusura yanichukue."

Alimtazama usoni huku, kwa mazoea ya kazi, akihesabu kimoyomoyo. Alitaka mama ashike kifua, amgombeze, amkataze kazi yenyewe. Alifika kumi.

"Pole, mwanangu," mama alisema kwa upole, akachukua shati jingine. "Nguo umezianika?"

"Nimezianika."

"Basi vizuri."

Neno lilikuwa mdomoni: aviache vile vidonge. Akalimeza. Macho ya mama yalikuwa meupe, macho ya mtu aliyelala vizuri, na nani amnyang'anye mzazi wake usingizi? Binti alimlalia begani, akakaa hapo akimkumbuka mama yake.