Vidonge kwenye Kopo la Vifungo

Mama mwenzangu, mimi ni fundi cherehani, nimeishia darasa la saba, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema.

Binti yangu, tunamwita Kifungo, ana miaka kumi na sita na hajavunja ungo. Kila mwisho wa mwezi nilimwita nimpime sare. Futi ikifika kifuani naisoma mara mbili: namba ni ileile ya mwaka jana. Nikikaa kwenye mashine nashona, nafumua, nashona tena.

"Mama, hii sare unaishona au unaipigia ramli?"

Nikacheka kwa meno tu, maana hakujua ninachoogopa. Mimba yake ilinikuta natumia vidonge vya sonona, nilivyopewa nilipomzika mama yangu. Nilivificha kwenye kopo, chini ya vifungo, wifi yangu asije akaniita chizi. Kliniki nesi akaniuliza, "Kuna dawa unatumia?" Nikasema hakuna. Akaandika hakuna.

Juzi nikampeleka kwa daktari. Alipomaliza kumpima akanigeukia. "Mama, ulipokuwa na mimba yake ulitumia dawa yoyote?"

Mtoto ananitazama. "Hakuna," nikasema. Ulimi ulishazoea.

Kwenye korido nikaketi, nikasimama, nikaketi.

"Mama, umekalia siafu?"

Nikamshika mkono, nikarudi naye ndani bila hata kubisha hodi. "Daktari, futa hiyo. Nilitumia vidonge vya sonona, miezi yote tisa."

Daktari akaandika taratibu. "Siwezi kusema ndivyo vilivyomchelewesha. Hilo bado linachunguzwa, na wapo wanaochelewa tu. Ila nikijua, vipimo navipanga vizuri. Na ungeviacha ghafla, pengine ungeumia wewe na yeye."

Nyumbani nikaivaa futi, nikakaa kwenye mashine. Kifungo akaja akaivua shingoni mwangu.

"Kumbe ndiyo sababu ya kunipima kila mwezi?"

"Ndiyo, mwanangu."

Akajizungushia mwenyewe, akasoma namba, akaikunja. "Kuanzia leo napima mimi. Wewe nitakuambia."

Majibu ya damu aliyotolewa siku ile ni Alhamisi. Leo Jumatatu, na mkono wa gauni la mteja nimeshaufumua mara tatu. Kwa hiyo wewe mwenye mimba na vidonge vyako, usiviache kwa woga bila kumwona daktari, wala usivifiche kwa aibu. Nesi akikuuliza, sema siku hiyohiyo. Mimi nimesema baada ya miaka kumi na sita, tena mtoto akisikia.