Kiti cha Kupumzikia

Baada ya taa, sasa magurudumu nayo yalikuwa yameondoka. Eufronia aliegemea mkongojo wake uani mwa kituo cha polisi, akalitazama lile gari jekundu lilivyokalishwa juu ya matofali.

"Mkuu, magurudumu yako wapi?"

"Ni usalama, mama," alijibu Sajini Poma. "Gari lisilo na magurudumu nani ataliiba?"

Askari wenzake wakacheka. Sajini mwenyewe hakucheka. Aliingia ofisini akamtolea kiti, akakipangusa vumbi kwa kofia yake, akamshika kiwiko mpaka akaketi. Kilikuwa kiti cha chini, laini, cha ngozi. Tangu avunjike mguu, hakuna mtu mwingine wa serikali aliyemwonyesha pa kukaa.

Gari hilo ndilo lililomgonga akisukuma toroli lake la uji wa mahindi ya zambarau. Dereva, Delfín, alilinunua kwa magendo kutoka Chile. Alilibariki kwa kulimwagia bia na kulipamba kwa makaratasi ya rangi, kama watu wote wa mji ule wafanyavyo. Bima hakukata, maana gari la magendo halina namba, na lisilo na namba halikatiwi bima. Mali nyingine hakuwa nayo. Wakapatana mbele ya polisi: Eufronia amsamehe, gari liuzwe, na kwa fedha hizo hospitali imtie chuma mguuni kabla mfupa haujaunga upande. Eufronia akaweka alama ya dole gumba, na polisi wakalizuia gari uani mpaka hakimu aamue.

Delfín aliingia uani, kofia mkononi, mkate wa moto kwapani.

"Kula kwanza, mama. Hakimu ameamua. Gari ni lako."

"Langu? Basi naliuza leo hii!"

Sajini alikohoa. "Ni lako, mama, hongera. Kwa hiyo ushuru wa forodha ni wako, na ada ya kulilaza hapa uani ni yako pia. Lipa, uondoke nalo."

"Ningekuwa na za kulipa, mkuu, si ningeshatibiwa? Tena litaondokaje? Halina miguu, kama mimi."

"Sheria sikuitunga mimi, mama yangu."

Delfín alikuwa akichungulia ndani ya gari. Makaratasi ya baraka bado yalining'inia kwenye kioo.

"Hata viti havimo," alinong'ona. "Kile cha mbele mbwa alikitafuna ubavuni. Mke wangu akakishona kwa uzi wa kijani."

Eufronia alishusha mkono polepole, akapapasa kando ya paja lake. Vidole vikakuta mshono. Akainama kidogo. Uzi ulikuwa wa kijani.

Upepo wa milimani ulianza kuvuma. Sajini Poma alimwona akitetemeka, akavua koti lake, akamfunika magoti kwa uangalifu, asiuguse mguu.

"Umekaa vizuri, mama?"

Mguu ulikuwa ukipwita. Uani hapakuwa na kiti kingine.

"Vizuri, mkuu," alisema Eufronia. "Mungu akulipe."