Kushoto Chuma, Kulia Nguo

Dada yangu ana miaka themanini na mmoja, na ndiye aliyenilea. Nilipoondoka kwake nikiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, niliondoka kwa baiskeli aliyoninunulia baada ya kuuza mbuzi wawili. Mwaka huu alinipigia simu.

"Kila ukija unashuka kwenye basi umevimba miguu kama mgonjwa," alisema. "Nataka nikuone ukiingia hapa kwa baiskeli kama ulivyotoka, kabla macho hayajazima."

Ni kilomita mia sita na arobaini. Niligawanya kwa siku tisa, nikaona yawezekana. Nina miaka sitini na tisa, lakini magoti yangu sijayaambia.

Binti yangu mkubwa ni muuguzi, na wauguzi humwona kila mzee kama kitanda kinachosubiri shuka. Tulibishana siku tatu hadi tukapatana: Jumamosi nipakie mzigo wote wa safari, niende posta na kurudi, kilomita kumi na mbili. Nikianguka, nitapanda basi.

"Shangazi ataelewa," alisema.

"Shangazi yako hajawahi kuelewa kitu asichokitaka," nilimjibu.

Basi kila kitu kilitegemea mifuko. Kwa safari ya kwenda dukani, mtu hufunga mzigo kwenye keria kwa kamba ya mpira na maisha yakaendelea. Kwa siku tisa, hapana. Inatakiwa mifuko ya pembeni, miwili, inayoning'inia kulia na kushoto kwa gurudumu la nyuma.

Nilianzia duka la baiskeli la mjini. Muuzaji, kijana mwenye suruali ya kubana kama soseji, alinishushia jozi moja nyekundu.

"Mzee, hii haipitishi maji hata tone."

Niligeuza kibandiko cha bei. "Naona haipitishi na wastaafu."

"Ni ya maisha, mzee."

"Ya nani? Maana yangu yamebaki kidogo, ungenipunguzia."

Alicheka, ila hakupunguza. Ile mifuko ilizidi bei ya baiskeli yangu pamoja na kengele yake. Hata hivyo sikutoka mikono mitupu. Niliishika, nikaigeuza, nikasoma kila mshono, nikapima kulabu kwa vidole. Shule ya usiku ilinifundisha kwamba asiye na fedha ya kitabu husoma akiwa amesimama dukani.

Kutoka hapo nilikwenda kwa fundi viatu wa mtaani kwetu, ambaye tunamwita Gundi kwa sababu akianza kuzungumza humbanduki. Nilimpa mchoro wangu wenye vipimo vya kila upande.

"Umechora vizuri," alisema. "Sasa panda baiskeli."

"Ya nini? Vipimo vyote viko hapo."

"Kisigino chako hakipo hapo. Vaa viatu vya safari, zungusha pedali."

Nilizungusha. Alikuwa ameshikilia kipande cha boksi mahali pa mfuko, na kila mzunguko kisigino changu kilikipiga teke. Alisogeza boksi nyuma vidole vinne, akatia alama kwa chaki. 

Alishona kwa turubai la bango kuukuu la dawa ya meno, gumu na lisilopitisha maji. Kulabu alizikunja kwa chuma cha ndoo, na vifuniko akavifunga kwa bizimu za mikoba ya shule. Mfuko wa kushoto ulitokea na macho mawili ya mwanamke, wa kulia ukatokea na meno yake. Fedha niliyolipa haikufika hata robo ya ile ya dukani.

"Ukiwa mbele ya lori," Gundi alinihakikishia, "dereva atakuona. Au ataonwa."

Ijumaa mchana nilipakia. Nilitunza stoo ya kiwanda kwa miaka thelathini na moja, na hakuna aliyewahi kuniomba msumari nikauliza uko wapi. Sheria ya stoo ni moja: vya aina moja hukaa pamoja. Kushoto niliweka chuma: spana, pampu, sufuria, jiko dogo, kufuli na mnyororo wake, nyundo, vigingi vya hema. Kulia niliweka nguo: mashati, sweta, blanketi, taulo, soksi. Niliandika orodha nakala mbili, moja kwa kila mfuko. Yote miwili ilijaa hadi juu, sawasawa. Nilirudi nyuma hatua tatu, nikaitazama kama bwana harusi.

Jumamosi asubuhi binti yangu alisimama getini amekunja mikono. Nilipanda, nikakanyaga pedali mara mbili. Baiskeli ilikata kushoto kama punda aliyekumbuka kwao, nami nikajikuta nimelala kwenye ukuta wa maua ya mke wangu, mguu mmoja hewani.

"Basi linaondoka Jumatatu, saa mbili," alisema binti yangu.

Nilijipangusa taratibu ili nipate muda wa kufikiri. "Mapatano yalikuwa kwenda posta na kurudi. Mimi sijatoka getini. Mtu haanguki safarini kabla ya safari."

"Baba, hilo ndilo ulilosomea shule ya usiku?"

"Muhula wa pili."

Mke wangu alitoka jikoni na ufagio mkononi. Aliuza vitunguu na viazi sokoni miaka ishirini, kwa mizani ya sahani mbili. Alitazama maua yake kwanza, kisha mimi. Alining'iniza mifuko kwenye mpini wa ufagio, mmoja kila ncha, akaushika katikati. Macho yalishuka hadi chini. Meno yalipaa.

"Bwana Stoo," alisema, "hapa umepanga rafu. Baiskeli ni mizani."

Nilisukuma ncha ya meno ishuke, ikarudi juu.

Alimwaga kila kitu barazani. Sufuria akalihamishia kulia na kulijaza soksi. Spana alizifungia kwenye taulo, nusu huku, nusu kule. Nyundo aliichomeka ndani ya mkono wa sweta.

"Nyundo ndani ya sweta," nilisema.

"Inaona baridi. Tulia."

Orodha zangu alizitumia kufungia sabuni. Alipomaliza aliinua ufagio, nao ukakaa kimya, macho na meno mstari mmoja. Binti yangu alifungua geti.

"Haya, Baba. Posta."

Nilikwenda posta na kurudi. Kwenye mteremko wa shule niliachia breki kidogo, lakini hilo halikuwa kwenye mapatano. Niliporudi alishika mkono wangu kupima mapigo, akahesabu, akahesabu tena, kisha akasema atarudisha tiketi ya basi aliyokwisha kuninunulia.

Siku ya tatu ya safari gurudumu la mbele liliishiwa upepo. Nilifungua mfuko wa macho, nikafungua wa meno, nikachimba hadi mabegani. Pampu hakuna. Nikapiga simu.

"Kulia," alisema mke wangu, "ndani ya mguu wa suruali ya kijivu. Umekula?"

"Nimekula. Ungeniandikia orodha, nisingekusumbua."

"Najua. Ndiyo maana sikuandika. Jana ulinipigia kwa ajili ya sabuni, juzi kiberiti. Ungekuwa na orodha ungenipigia kwa ajili ya nini?"

Nilijaza upepo. Jioni nilipofika nilikopangia kulala, mswaki nilijua ulipo, ulikuwa mfuko wa kushoto, ndani ya kikombe. Hata hivyo nilipiga simu nikauliza.