Mlango Usioitiwa Hodi

Usingizi unamkuta Mwajabu barazani, baada ya ugali wa mchana, akiwa ameshaamua kukataa. Barua ya kazi imetoka zahanati moja ya milimani, mikoa mitatu kutoka Kondoa, wanaomba mkunga, na jibu linatakiwa leo saa kumi. Sikudhani, mdogo wake wa mwisho, ndiye atakayeandika kwenye simu: samahani, haji. Miaka ishirini na sita Mwajabu anazalisha watu wa mtaa mmoja, anawajua mpaka wanavyokohoa, sasa akaanze kuishi na watu gani hao? Anafumba macho kidogo tu, ananyanyuka akanywe maji, anavuka kizingiti cha chumbani kwake, na chumba hakipo. Ipo barabara.

Barabara inapanda na kushuka na kujirudia, na kando yake anatembea mtu asiye na uso, mahali pa macho na mdomo ni laini kama sahani iliyooshwa. Mwajabu anampa shikamoo, maana asiye na uso umri wake utaujuaje, na yule anaitikia marahaba kwa sauti inayotoka sijui wapi. Wanafika mji ambao nyumba zake zinatazamana kama vioo, na katika kila dirisha Mwajabu anamwona Mwajabu mwingine, kitenge kilekile, mdomo uleule umebinuka. Anaita hodi. Kimya. Anaita ya pili, anaita ya tatu kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima, na kwa kuwa amelelewa vizuri, hodi ya tatu isipojibiwa anageuka aende zake, na barabara inamzungusha na kumrudisha mlango uleule, anaita, anageuka, anarudishwa. Watu gani hawa wasio na adabu! anafoka. Asiye na uso anasema, wanayo, ila haijakutana na yako. Nipe jibu la kueleweka, baba. Jibu liko nyuma ya mlango, na mlango uko nyuma ya sauti yako.

Anachoka. Anakaa chini, mgongo ukutani, ananyamaza. Na mlango unafunguka. Anatoka mama mmoja na kibuyu cha maji, anamtazama nusu kwa huruma nusu kwa hasira. Mwenzangu, kwetu anayeita mlangoni kwa sauti analeta habari za msiba. Mgeni hukaa akanyamaza, tukamletea maji. Wewe umetutangazia misiba tangu asubuhi, wazee wangu wako uvunguni mwa kitanda! Mwajabu anaona aibu mpaka masikio yanamwaka moto, kisha kicheko kinamtoka, na yule mama naye anacheka, na dirishani hayupo tena Mwajabu, yupo bibi mmoja anachungulia.

Toka hapo barabara inanyooka. Mji wa pili mgeni anavua viatu na kupiga makofi, wa tatu anaimba jina la mama yake, na Mwajabu anaimba vibaya, anachekwa, analishwa, anaimba tena, na kila mji anaotoka anatoka kifua mbele. Anafika lango kubwa la mwisho, na ndani mwanamke analia kwa uchungu wa kuzaa. Haiti hodi, hakai, hapigi makofi. Anamuuliza mlinzi swali ambalo hajawahi kumuuliza mtu maishani: kwenu watu huingiaje? Mlinzi anatabasamu. Kwa kuuliza hivyohivyo, dada. Lango linafunguka lote, na Mwajabu anampokea mtoto kwa mikono miwili, kilio chake ni kilekile cha watoto wa Kondoa, na vigelegele vinapasuka kutoka miji yote aliyoipita. Ana furaha mpaka machozi. Anamgeukia asiye na uso, na uso upo, mgeni kabisa, na anaupenda.

Dada, saa kumi hiyo, anasema Sikudhani, simu mkononi. Mwajabu anaketi. Viganja vyake vina joto na unyevu, vigelegele bado anavisikia, hajui vinatoka kule au kwa majirani, na baraza hii aliyoizoea ndiyo anayoiona kama ndoto. Niandike huji? Andika nakuja. Sikudhani anashusha simu. Uende ukakae na watu usiowajua?

Mbona hata wewe nilikuwa sikujui, anasema Mwajabu, mpaka ulipozaliwa.