Neno Kutosha

Mume wangu Germain alikuwa mtu wa kushuku. Akinunua chumvi aliionja palepale mbele ya muuzaji, na ukimpa salamu alitaka kwanza kujua unaomba nini. Ndiyo maana Pasta Octave wa kanisa letu la mtaa wa Kikula alimkabidhi kazi ya kupima mafundisho yaliyotoka nje. Mwaka ule wa tisini na mbili yalikuja kutoka kila upande: kaseti, karatasi za fotokopi, vijitabu visivyo na jina la mwandishi. Sabuni ilikuwa bandia, vidonge vya malaria bandia. Germain alisema haoni sababu ya Yesu peke yake kufika Likasi akiwa halisi.

Safari hii aliletewa kijitabu cha Mado. Mado alifundisha watoto wa kanisa kila Jumamosi, na masomo yake aliletewa na Kitenge, dereva wa lori aliyekuwa akienda mpaka Tanzania. Mado alikuwa Mkasai. Alizaliwa Likasi, Kasai kwenyewe hajawahi kukuona, lakini miezi ile Wakasai walikuwa wanafukuzwa warudi kwao, na kuzaliwa hapa hakukumsaidia mtu. Mume wake, Mukendi, alikwisha fukuzwa kazi, na ndugu zao walikuwa wanalala gare, pale stesheni, wakingoja treni. Mado alikuwa bado anasita kuondoka. Aliniambia siku moja tukichambua mboga za lengalenga:

"Yaya Colette, bakiniachia batoto ya darasa, minye nabakia. Muzazi akinituma mutoto yake, ni kusema bado ananiona muntu. Bakikatala, tunaenda ku gare."

Basi nilikaa roho juu nikimtazama Germain anavyosoma, kalamu nyekundu mkononi, midomo ikitembea. Kurasa za mwanzo hakupata kosa, na hilo ndilo lililomsumbua zaidi.

"Kitabu safi namna hii," alisema, "inaficha kintu."

Akafika kwenye somo la wagonjwa. Kalamu ikashuka. Aliniwekea kijitabu mbele ya macho, kidole chini ya maneno mawili: neema itakutosha.

"Soma weye mwenyewe. Itakutosha. Njo vile anafundisha batoto yetu, asema neema ya Mungu itabatosha hapa."

Kwetu kumtosha mtu ni kumtoa, kumfukuza, na msimu ule neno hilo lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Watu walitoshwa kazini, wakatoshwa katika nyumba walizojenga kwa mikono yao. Na wale waliokuwa wakiwatosha wenzao, nilikuja kugundua, ndio walioogopa kuliko wote kutoshwa. Germain hakumfukuza mtu yeyote. Lakini hofu ile ilikuwa imemwingia naye, na niliichukia nilipoiona usoni mwake.

Jumapili baada ya ibada wazee walibaki, nami nikabaki bila kuitwa. Mado alisimama mbele ya Pasta Octave. Germain akasoma maneno yale kwa sauti nzito, kana kwamba anasoma hukumu.

"Papa Germain, ile Kiswahili haiko ya hapa," Mado alisema. "Ku Tanzania, kutosha ni kuenea. Neema itakuenea, hautakosa. Muulize Kitenge."

Kitenge aliitwa kutoka uani. Alipoelezwa alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ni kweli. Siku ya kwanza kule, mama mwenye hoteli aliniuliza, 'Chakula imetosha?' Minye nikasimama na sahani yangu, nikafikiri ananitosha pa meza."

Wazee wakacheka. Hata Germain alicheka, na Mado akacheka akijifuta macho. Pasta Octave akamshukuru Mado, akamwambia aende nyumbani, wazee watamalizia.

Germain akayasoma tena maneno yale, polepole, kwa maana yake mpya. Akafunga kalamu. Katika hilo simnyimi haki yake, akikosea husema.

"Haina kosa," alisema. "Ni mafundisho ya kweli."

Nilipumua. Pasta Octave naye alitikisa kichwa kukubali, kisha akaanza kuangalia viganja vyake.

"Kitabu ni muzuri, itabakia. Lakini bazazi bananisumbua, na weye unaona nyakati. Mado tutamutosha mu darasa. Kitabu tutamupa Mama Colette."

Hapo hakuna aliyeuliza maana ya neno. Nilimwambia sikitaki kitabu chake. Nilimwambia na mengine ambayo mke wa mzee wa kanisa hasemi kanisani, na hasira zilinitoa mpaka barabarani. Germain hakunifuata.

Nilimkuta Mado mlangoni kwake anamsuka binti yake.

"Kitabu, banaona je?"

"Banasema haina kosa. Ni ya kweli."

Alifurahi, alifurahi kweli. Alisema alijua, alisema Papa Germain ni mgumu lakini ana akili, sasa Jumamosi atawafundisha watoto lile somo la wagonjwa. Alisuka mstari mzima akiongea. Halafu akanitazama vizuri, na vidole vyake vikasimama.

"Na minye?"

Nilichuchumaa nikamshikia uzi. Mado akaumalizia msuko wa mtoto, akaufunga uzi vizuri, akamwita Mukendi kutoka ndani akamwambia atafute mkokoteni wa kwenda gare.